Asali Kuganda Si Ughushi

Maelezo kwa wafuga nyuki wa Singida juu ya sukari zilizomo katika asali, na jinsi kila moja inavyotengwa na nyingine



Zama za ujana wangu, katika baridi ya mwezi wa Julai, nilifuatana na mzee mmoja wa kijiji chetu aliyekuwa akipeleka madebe mawili ya asali mnadani. Asali ile niliijua, kwa maana nilikuwapo ilipokamuliwa. Haikutiwa tone la maji wala punje ya sukari. Mnunuzi akafungua kifuniko, akatia kijiti ndani, akaikuta asali imekuwa nzito mfano wa uji uliolala, rangi yake imefifia, nayo ina chembe kama chembe za chumvi. Akacheka, akasema, "Mzee, hii umeipika na sukari ya dukani." Mzee akaapa, na kuapa kusimfae. Kwa kuwa alihitaji fedha siku ile ile, aliyatoa madebe yote mawili kwa nusu ya bei. Jioni, nilipopita nyuma ya duka, nilimkuta mnunuzi yule yule ameyasimamisha madebe yale ndani ya pipa la maji ya moto. Kesho yake asali ilikuwa ikitiririka, safi na nyangavu, naye aliiuza kwa bei ya asali nzuri.

Mnunuzi alijua jambo ambalo mzee hakulijua, nalo ndilo nitakalokueleza hapa. Nitakueleza asali ni kitu gani, kwa nini huganda, kwa nini nyingine huchacha baada ya kuganda, jinsi wataalamu walivyozitenga sukari zake, na jinsi maji ya kawaida yawezavyo kukutengea asali na nta usipoteze hata moja. Usiyapite maneno ya katikati kwa kuyaona ni ya kitaalamu mno. Mtu asiyejua kilichomo ndani ya debe lake huuza kwa macho ya mnunuzi.

ASALI NI KITU GANI

Nyuki haleti asali kutoka mauani. Huleta maji matamu ya maua, ambayo sehemu yake kubwa ni maji, na utamu wake kwa kawaida ni sukari ya namna ile ile itokayo katika muwa. Sukari hiyo wataalamu huiita sukrosi. Kila chembe ya sukrosi ni kama shanga mbili zilizotungwa pamoja. Shanga moja huitwa glukosi, ya pili huitwa fruktosi. Shanga mojamoja ndizo ziitwazo sukari sahili, maana haziwezi kukatwa tena zikabaki kuwa sukari. Katika tumbo la nyuki imo dawa ya asili inayokata uzi kati ya shanga hizo mbili. Akisha kuyatia masegani maji yale matamu, yeye na wenzake huyapepea kwa mbawa zao mpaka maji yapungue sana, ndipo wafunike kila kitundu kwa kifuniko chembamba cha nta. Kifuniko hicho ni muhuri wao; maana yake kazi imekwisha.

Basi ukipima kilo 1 ya asali iliyoiva, yaani gramu 1,000, utakuta humo fruktosi kiasi cha gramu 380, glukosi kiasi cha gramu 310, na maji kiasi cha gramu 170. Zinazobaki ni sukari nyingine za shanga mbili au zaidi, na asidi kidogo, madini kidogo, chavua na harufu za maua. Hesabu hii si moja kwa asali zote. Nyuki waliolisha katika vichaka vya Itigi hawaleti kitu kile kile wanacholeta waliolisha katika mashamba ya Iramba, na tofauti hiyo ina maana kubwa, kama utakavyoona.

KIYEYUSHI NA UCHAGUZI WAKE

Tia chumvi katika maji, itatoweka. Tia mchanga, utakaa chini. Mchemsha chumvi hutumia jambo hili hili: humimina maji juu ya udongo wenye chumvi, akayachuja, maji huondoka na chumvi, udongo ukabaki. Kitu kama maji, kinachomeza kitu kingine na kukichukua ndani yake, huitwa kiyeyushi. Na kila kiyeyushi kina tabia ya kuchagua. Maji huchukua sukari na chumvi, lakini hayachukui mafuta wala nta. Mafuta ya taa huchukua nta yakipashwa moto, lakini sukari hayaigusi. Spiriti kali, ile inayotokana na pombe iliyokenekwa mara nyingi, husimama kati: huchukua vitu vingine ambavyo maji huviacha, na sukari huzichukua kwa uchoyo, tena kwa upendeleo.

Hata maji yenyewe hayazipendi sukari zote sawasawa. Katika joto la nyuzi 25 za sentigredi, gramu 100 za maji huweza kumeza glukosi kiasi cha gramu 90 tu. Sukrosi humeza gramu 200 hivi. Fruktosi humeza karibu gramu 400. Shika hesabu hizi tatu, kwa sababu ndizo zilizompotezea mzee wetu nusu ya fedha yake.

KWA NINI ASALI HUGANDA

Tazama tena kilo yetu moja. Ina maji gramu 170. Maji hayo, kama yangekuwa na glukosi peke yake, yangeweza kumeza gramu 150 hivi. Lakini asali ina glukosi gramu 310, yaani mara mbili ya kadiri hiyo. Glukosi iliyozidi imo ndani kama abiria waliojazana katika gari: gari likisimama kidogo tu, wa kwanza hushuka, na wengine humfuata. Chembe ya kwanza ya glukosi ikisha kujitenga, mara nyingi juu ya punje ya chavua au kipande cha nta, chembe nyingine huishikilia, na kwa siku chache debe zima huwa na mchanga mtamu. Fruktosi haigandi hivyo. Hubaki majimaji ikizunguka chembe hizo. Kwa hiyo asali iliyoganda imeanza kujitenga yenyewe, sukari moja huku na nyingine kule. Ukitaka kuhakikisha, onja chembe peke yake, kisha onja majimaji yanayozizunguka. Majimaji yatakuzidia utamu, kwa sababu fruktosi ina utamu kupita sukari ya dukani, na glukosi ina utamu mdogo kuliko hiyo.

Mambo mawili huharakisha kuganda. La kwanza ni baridi, lakini baridi ya kiasi: joto la nyuzi 14 hivi ndilo linalopendwa sana na chembe za glukosi. Nchi yetu ya Singida iko juu, kiasi cha meta 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huwa karibu na kiwango hicho hicho. Ukitafuta stoo iliyo bora kwa kugandisha asali, huna haja ya kutoka nje ya mkoa.

La pili ni ua lenyewe. Asali yenye glukosi nyingi kuliko kawaida huganda upesi, na yenye fruktosi nyingi hukawia. Huko Ulaya ipo asali ya mti mmoja wa jamii ya kunde ambayo hukaa miezi mingi bila kuganda, na watu huilipia zaidi kwa sababu hiyo. Kinyume chake ni asali ya alizeti: hiyo hujulikana duniani kote kwa kuganda upesi, na mara nyingine huganda ndani ya masega kabla ya kukamuliwa. Nawe wajua jinsi alizeti ilivyoenea mkoani kwetu. Mzinga ulio kando ya shamba la alizeti hauna budi kutoa asali igandayo. Na kadiri wakulima walivyozidisha zao hilo, ndivyo malalamiko ya asali "yenye sukari" yalivyozidi. Mwenye mizinga hana kosa, wala nyuki hawana.

Ukipenda, itenge asali ya msimu wa alizeti isichanganyike na ile ya porini. Iuze ya porini kwa watu wanaopenda asali ya kumiminika, na ya alizeti uiuze ikiwa imeganda laini, ukimweleza mnunuzi mapema. Ziko nchi ambazo watu hupendelea asali iliyoganda, wakaipaka mkateni kama siagi, wala haiwamwagikii.

HATARI YA KWELI: KUCHACHA

Kuganda si ubovu, lakini kwaweza kuufungulia ubovu mlango. Chembe ya glukosi inapojitenga huchukua maji kidogo ndani yake, sehemu 9 hivi katika 100 za uzito wake. Maji mengine yote huachiwa asali iliyobaki majimaji. Tufanye hesabu. Chukua asali mbichi kidogo, yenye maji gramu 200 katika kilo 1. Tuseme glukosi gramu 150 zimejitenga, nazo zimechukua maji gramu 15. Imebaki asali ya majimaji gramu 835, yenye maji gramu 185. Gawanya, utaona kwamba sasa kuna maji sehemu 22 katika 100, si 20 tena.

Hamira za mwitu, ambazo zimo katika kila asali kwa sababu zimo katika kila ua, hazina nguvu pale maji yanapokuwa chini ya sehemu 17 katika 100. Yakipita 20, huamka. Ndiyo sababu debe huweza kukaa salama miezi mitatu, likaganda, kisha katika joto la Septemba na Oktoba likaanza kutoa povu na kunuka kama pombe. Mtu husema, "Imeharibika kwa kuganda." La, iliharibiwa siku ya kurina, kwa kuchanganya masega yaliyofunikwa na yasiyofunikwa. Kuganda kulifichua tu.

Sharti la kimataifa ni kwamba maji katika asali ya nyuki wakubwa yasizidi sehemu 20 katika 100. Huna chombo cha kupimia? Nyuki wanacho, nao wamekwisha kukuwekea muhuri. Rina sega ambalo angalau robo tatu zake zimefunikwa. Sega lenye majana liache mzingani. Na lililojaa chavua liweke kando, lisiingie katika chombo cha asali. Usirine siku ya mvua, wala usiache chombo wazi, maana asali huvuta maji kutoka hewani. Ama asali ya nyuki wadogo wasiouma, hiyo kwa asili ina maji mengi zaidi. Usiichanganye kabisa na nyingine.

KUIRUDISHA ASALI ILIYOGANDA

Moto mdogo wa maji watosha. Simamisha chombo cha asali ndani ya sufuria kubwa au pipa la maji, chini yake uweke vijiti ili kisiguse kitako cha pipa. Pasha maji mpaka uweze kuutia mkono na kuuacha humo bila kuumia. Hapo joto halizidi sana nyuzi 40. Lishike joto hilo saa kadhaa, ukikoroga mara kwa mara. Debe la lita 20 lina asali kilo 28, nalo halipati joto upesi. Usiwe na haraka.

Kamwe usiweke asali juu ya moto wenyewe. Asali iliyochemka hupoteza harufu yake na kuwa nyeusi. Tena fruktosi ikiunguzwa hugeuka sehemu yake kuwa kitu ambacho maabara hukipima kwa urahisi, nacho ndicho shahidi wa asali iliyopikwa au iliyokaa mno. Sheria za biashara huruhusu miligramu 40 tu za kitu hicho katika kilo 1, na 80 kwa asali itokayo nchi za joto kama yetu. Shehena nzima huweza kukataliwa bandarini kwa sababu ya sufuria moja iliyochemshwa kijijini.

JINSI WATAALAMU WALIVYOZITENGA SUKARI

Sasa nakuomba uvumilivu, kwa kuwa hapa ndipo panaponipendeza mimi mwenyewe kuliko mahali pote.

Katika mwaka 1747, mjini Berlin, alikuwako mtaalamu aitwaye Andreas Marggraf. Alitaka kujua utamu wa mizizi ya kiazisukari ni utamu wa namna gani. Angeikamua mizizi kwa maji, maji yangemchukulia kila kitu: sukari, chumvi, utomvu na uchafu. Kwa hiyo alichagua kiyeyushi kingine. Aliikausha mizizi, akaisaga, akaichemsha katika spiriti kali. Spiriti moto ilimeza sukari, ikauacha utomvu mwingi. Akaichuja, akaiacha ipoe. Spiriti baridi haiwezi kushika sukari nyingi kama spiriti moto. Basi baada ya majuma kadhaa akaona vipande vya sukari vimejijenga katika chupa. Akavitazama kwa darubini ya vitu vidogo, akavikuta sawasawa na sukari ya miwa. Kazi ile ya chupa chache ndiyo mwanzo wa sukari ya kiazisukari ya Ulaya; mwanafunzi wake, Achard, alijenga kiwanda cha kwanza mwanzoni mwa karne iliyofuata.

Katika mwaka 1792 mtaalamu mwingine, Tobias Lowitz, huko Urusi, aliigeukia asali. Alifanya lile ambalo wewe waweza kulielewa upesi, maana umekwisha kuziona chembe na majimaji. Alichukua asali iliyoganda, akaiosha kwa spiriti. Spiriti ilipendelea majimaji, ikaondoka nayo, chembe ikaziacha. Kwa njia hiyo alionyesha kwamba sukari igandayo katika asali si sukari ya miwa. Ndiyo glukosi. Ile nyingine, isiyotaka kuganda, iliwasumbua wataalamu miaka 55 zaidi. Ndipo Mfaransa Dubrunfaut alipoitambua fruktosi katika mwaka 1847.

Nilipokuwa katika mafunzo, mwalimu wetu alitufanyia jambo hilo kwa kijiko kimoja cha asali. Aliifunga katika kitambaa, akaikamua majimaji, kisha akaimiminia spiriti kidogo kidogo. Hatimaye kilibaki kitambaani kitu cheupe, kikavu, mfano wa unga wa muhogo. Wengi wetu tulikuwa watoto wa warina asali, tena hatukuwahi kufikiri kwamba kitu kile kilikuwamo. Nasema hivi ili ujue tu, si ili ukajaribu nyumbani: spiriti ya taa ina sumu, kilichooshwa nayo hakiliwi kabisa, na mvuke wake hudaka moto wa jiko kabla hujauona.

Sukari za shanga moja, mbili na tatu zilitengwa kwa ustadi zaidi katika mwaka 1950, huko Marekani, na wataalamu wawili, Whistler na Durso. Chombo chao kikubwa kilikuwa mkaa. Naam, mkaa, lakini uliotayarishwa hasa na kusagwa, ukajazwa katika bomba la kioo lililosimama wima. Walimimina juu yake maji yenye sukari zilizochanganyika. Mkaa ulizishika zote. Kisha wakapitisha maji matupu: glukosi, yenye shanga moja, ikaachia na kushuka chini. Za shanga mbili hazikutikisika. Wakapitisha maji yaliyotiwa spiriti sehemu 5 katika 100. Zikashuka za shanga mbili. Wakaongeza spiriti ikafika sehemu 15. Zikashuka za shanga tatu. Kadiri sukari ilivyokuwa na shanga nyingi, ndivyo mkaa ulivyoing'ang'ania, na ndivyo kiyeyushi kilivyotakiwa kuongezewa nguvu. Baadaye njia ya namna hiyo ilitumika sana kuipima asali, kujua ina sukari gani na kwa kiasi gani.

MAJARIBIO YA SOKONI

Kwa kuwa umefahamu hayo, waweza kuyapima mwenyewe majaribio yanayofanywa na wanunuzi.

Wengine hutia tone la asali katika bilauri ya maji. Likizama bila kutawanyika, husema ni safi. Lakini shira nzito ya sukari nayo huzama vivyo hivyo. Wengine huchovya kijiti cha kiberiti katika asali, kisha wakakiwasha. Kikiwaka, yaonyesha tu kwamba asali haina maji mengi. Tena asali halali yenye umajimaji kidogo yaweza kukizima. Habari ya sisimizi ni mzaha. Sisimizi wanapenda utamu wote, wala hawana cheti cha maabara. Wako pia watiao spiriti katika asali na kutazama kama patatokea weupe wa maziwa. Weupe huo hutokana na sukari za shanga nyingi sana, ambazo spiriti huzikataa. Waghushi waliotumia shira ya wanga walikamatwa hivyo zamani, lakini ziko asali safi zenye sukari hizo kwa asili, na ziko shira za siku hizi zisizo nazo.

Maabara hupima vingine. Sukrosi katika asali ya kawaida haipaswi kuzidi gramu 5 katika 100, kwa kuwa nyuki wamekwisha kuikata; na glukosi na fruktosi pamoja zisipungue gramu 60. Tena lipo jaribio la ajabu zaidi. Miwa na mahindi, pamoja na mtama na uwele wetu, hujenga sukari yao kwa njia isiyo sawa na ile ya maua mengi wanayotembelea nyuki, na kaboni iliyomo katika sukari yao ni nzito kidogo. Mashine huupima uzito huo, ikajua kama asali imetiwa sukari ya miwa au shira ya mahindi, hata kama ulimi hauwezi kujua. Shira ya mpunga na sukari ya kiazisukari huliponyoka jaribio hilo, hutafutwa kwa njia nyingine.

Kwa hiyo mtu akikuambia kuganda kwa asali ni ushahidi wa ughushi, mwombe atie kipande chake katika bakuli, naye akiweke bakuli hilo juu ya maji ya moto mbele ya watu. Akishaona imerudi, mweleze habari ya glukosi. Lakini usidai zaidi ya hapo: kurudi kwake kuwa majimaji hakuthibitishi kwamba ni safi. Asali iliyoghushiwa nayo hurudi. Ushahidi wako mwingine ni sega. Weka daima kipande kimoja cha sega lililofunikwa kutoka msimu ule ule, ulionyeshe.

NTA: MAJI YAKIWA KIYEYUSHI CHAKO

Nimeona kando ya kambi za warina asali marundo ya makapi ya masega yaliyotupwa, yamejaa mchwa na nondo. Hiyo ni fedha iliyotupwa. Asali ya kukamua kilo 10 huacha nta kiasi cha kilo 1, au pungufu kidogo. Na nta haichachi wala haigandi kwa aibu, yaweza kungoja bei nzuri miaka.

Makapi ya masega ni mchanganyiko wa asali, nta, chavua na maganda ya majana. Maji huchukua asali, huiacha nta: basi anza kwa maji. Yavunje makapi, yaloweke katika maji ya vuguvugu kwa saa moja, uyafikiche kwa mikono, kisha uyachuje. Maji ya kwanza huwa matamu sana. Usiyamwage, hutengenezewa siki au kinywaji, na mama wa nyumbani ajua zaidi kuliko mimi. Yaloweke mara ya pili katika maji baridi. Ukiacha asali ndani ya makapi, itaungua katika kuchemsha, na nta yako itakuwa ya kahawia.

Sasa yatie makapi katika mfuko wa gunia safi, uufunge, uuzamishe katika sufuria ya maji kwa jiwe. Nta huyeyuka kwa joto la nyuzi 62 hadi 65, basi maji hayana haja ya kuchemka kwa nguvu. Yakitokota kidogo yatosha. Nta, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, itatoka gunianikupitia vitundu na kuelea. Kandamiza gunia kwa mti mara nyingi. Tumia maji ya mvua. Baadhi ya visima vyetu vina maji magumu yenye chokaa na chumvi, nayo hushikana na nta, ikawa kama sabuni iliyoharibika. Sufuria iwe ya alumini au ya enameli isiyobanduka. Chuma huitia nta weusi, na shaba huitia ukijani. Wala usiyeyushe nta pasipo maji juu ya moto, kwa maana yaweza kulipuka kwa miali na kuchoma nyumba.

Toa sufuria motoni, uifunike kwa magunia makavu ipoe polepole usiku kucha. Nta inayopoa upesi hupasuka na kuushika uchafu ndani yake. Ikipoa taratibu, uchafu hushuka na kukaa chini ya mkate. Asubuhi toa mkate wa nta, ukwangue tabaka la chini lenye weusi mpaka ufikie manjano. Kama bado ni chafu, irudie kazi katika maji mapya, safari hii kwa kuichuja kwa kitambaa chembamba.

Ifungie nta kavu katika gunia, mahali pasipo moshi wala dawa ya kunyunyizia mazao, kwa maana nta huvuta harufu za mafuta na dawa na kuzihifadhi. Kama ilivyo kwa mafuta ya taa, dawa nyingi hupenda kuyeyuka humo kuliko katika maji. Nondo hawali mkate safi wa nta, hula masega. Bakiza kipande kama ngumi kwa kazi yako mwenyewe: mwezi wa kutundika mizinga, kipashe moto kidogo, ukipake ndani ya mzinga mpya na mlangoni pake. Nyuki wanaotafuta makao huivumbua harufu hiyo kwa mbali.